Ngome ya Lamu ilikuwa ufuoni: mji ulisogea vipi kuelekea baharini, na nani anakaa pwani leo?

Mwalimu Mgeni aliuliza:

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa historia, nimezaliwa bara, na nilihamishiwa kisiwani Lamu mwanzoni mwa mwaka huu. Nimepanga chumba katika mtaa wa Langoni, hatua chache nyuma ya barabara ya pwani, na kila jioni hupita gatini kabla ya kurudi nyumbani. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa Ngome ilijengwa ili kuulinda mji dhidi ya maadui watokao baharini, kwa nini haipo ufuoni, bali imejificha nyuma ya maduka na nyumba, kiasi kwamba mtu aliye chomboni haioni vizuri mpaka ateremke? Nilimwahidi jibu, na katika kulitafuta nimejikuta na maswali mengine mawili.

La kwanza linahusu nyumba zenyewe. Zile zinazotazama bahari zina nguzo, matao na roshani zilizo wazi kupokea upepo, lakini ukiingia kidogo tu katika mtaa wa Mkomani unakutana na kuta ndefu zisizo na madirisha ya chini, na mlango mmoja wa nakshi uliofungwa. Kwangu mimi mgeni, inaonekana kama miji miwili iliyoshonwa pamoja. Je, tofauti hiyo imeletwa na zama, na asili ya watu, au na utajiri?

La pili ni la leo. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba watu bado wanaishi humo na kuendeleza desturi zao. Hata hivyo, ninapopita pwani usiku naona ghorofa nyingi za juu hazina taa. Nani anakaa pale? Sipendi kuwafundisha watoto wa mji historia ya mji wao kwa kukisia, kwa hiyo nitashukuru kupata majibu kutoka kwa wenye kuujua.

Mzaliwa wa Mkomani alijibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Mwambie mwanafunzi wako kwamba Ngome iko palepale ilipojengwa. Kilichohama ni ufuo.

Ujenzi wake ulianza karibu mwaka 1813, muda mfupi baada ya vita vya Shela, kijiji jirani, ambapo watu wa Lamu waliwashinda watu wa kisiwa cha Pate pamoja na washirika wao, ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa. Ushindi ule haukuwapa wazee wetu usingizi, kwa kuwa walijua Mombasa ingeweza kurudi kulipiza kisasi, na mji haukuwa na nguvu ya kuhimili vita vya pili. Wakamwomba Sayyid Said, mtawala wa Omani, awe mlinzi wao, na kwa hatua hiyo Lamu ikaingia chini ya ukoo wake wa Busaidi. Ngome ilikamilika karibu mwaka 1821, na wakati huo ilisimama kwenye ukingo wa maji, mahali ambapo kila nahodha aliyeingia mlangoni mwa Lamu angeiona kwanza kabla ya kuona kitu kingine. Leo kutoka Ngome hadi gati kuu ni kadiri ya mita 70, na ardhi hiyo yote imetengenezwa kwa mikono ya watu.

Ile barabara ndefu ya ndani yenye maduka, ambayo sisi Waamu twaiita Usita wa Mui, ndiyo iliyokuwa karibu na bahari zamani. Upande wake wa mashariki palikuwa na mchanga na matope ambapo vyombo vilipwelea maji yakitoka. Katika karne ya 19 watu walijaza pale taka, kifusi na mawe, kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kisha wakajenga juu yake. Hakuna mtawala aliyeamuru mji usogee baharini. Kila mwenye nyumba alijaza mbele yake, na jirani naye akajaza ili asiachwe nyuma.

Sababu ya kujaza ilikuwa biashara. Vyombo kutoka Bara Arabu na Uhindi vilikuja na upepo wa kaskazi, vikashusha tende, mazulia na vyombo vya kauri, kisha vikangoja upepo wa kusi ili virudi na pembe za ndovu, ngozi, ufuta na, zaidi ya yote, boriti za mikoko, ambazo zilitakiwa sana katika nchi za Ghuba kwa kuwa kule hakuna miti ya kuezekea. Mfanyabiashara alihitaji ghala lililo karibu na chombo. Hivyo nyumba za pwani, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa Kihindi, zilijengwa kwa matumizi hayo: chini duka au ghala, juu makazi, na roshani ya kumwezesha mwenye mali kuona chombo chake kinapoingia. Nyumba ya ndani Mkomani ni ya kale zaidi, na ilijengwa na mwungwana ambaye hakutaka mpita njia aone chochote cha familia yake. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba zama, asili na utajiri vyote vimo.

Lakini usisahau upande wako wa Langoni, ambao vitabu vya wageni huupita haraka. Mkomani palikuwa pa nyumba za mawe. Langoni palikuwa pa nyumba za udongo na makuti, na pa watu waliokuja baadaye: Wangazija, Wahadhrami, watu wa visiwa vingine, na wengi ambao wazee wao walikuwa watumwa. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alifundisha huko bila kumbagua mtu kwa nasaba, na karibu mwaka 1900 ukajengwa Msikiti wa Riyadha. Jambo hilo halikuwafurahisha wakubwa wote wa Mkomani, lakini leo, mwezi wa mfungo sita ukifika, Maulidi ya Lamu huwavuta maelfu ya watu kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki kuja Langoni, na barabara ya pwani hujaa mpaka huoni pa kuweka mguu. Kwangu mimi huo ndio wakati ambapo pwani ya mji huwa ya watu wake.

Baada ya hapo ukaja upungufu. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, biashara ikaifuata, na mwaka 1907 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa, mashamba ya bara yaliyowategemea watumwa yakaachwa. Hakukuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Nyumba unazoziona zimebaki kwa sababu wazee wetu hawakuwa na uwezo wa kuzibadilisha.

Fundi wa Chokaa alijibu:

Namwunga mkono mzee wangu kuhusu historia, lakini naomba kuongeza jambo, na pia kutofautiana naye kidogo kwa heshima. Mimi ni mchoraji wa majengo, na kwa miaka kadhaa nimeshiriki katika kukarabati nyumba za Mji wa Kale. Mwalimu amesema ni kama miji miwili iliyoshonwa pamoja. Nadhani ni mji mmoja wenye namna mbili za kumpokea mgeni.

Katika nyumba ya ndani, mgeni hupokewa kwenye daka, yaani ule ukumbi mdogo wenye viti vya mawe mbele ya mlango. Ni nusu ya barabara na nusu ya nyumba. Mwenye nyumba hukaa hapo, huamkiana na wapita njia, humaliza biashara zake, na mgeni huenda asivuke kizingiti hata siku moja. Atakayeruhusiwa kuingia hupitia tekani, yaani njia ya kuingilia, ambayo imepindishwa makusudi ili jicho la barabarani lisifike ndani, kisha hutokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa ambavyo ukuta wa nje umevinyima. Kutoka hapo vyumba hufuatana sambamba, msana wa tini, msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani, kila kimoja kikiwa kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka ukuta wa mwisho wenye safu za zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kadiri unavyozidi kwenda ndani ndivyo unavyokaribia siri ya familia. Wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka barabarani kwa kupitia wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Hata birika la maji lina utaratibu wake: humo hufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Nyumba ya pwani iliigeuza daka ikawa baraza ndefu, na kiwanda ikakipandisha juu kikawa roshani. Lakini ukipima vyumba vyake utaona upana uleule mwembamba, usiofika mita tatu, kwa sababu Mhindi na Mwamu wote walitegemea boriti ileile ya mkoko, na boriti haibebi dari pana kuliko hapo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Zana zilikuwa moja na mafundi walikuwa walewale, ndiyo maana sikubali kwamba pwani ni mji mwingine.

Tatizo la sasa, ambalo huniumiza kila nikilikuta, ni saruji. Ukuta wa matumbawe hupumua. Huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na jiwe huanza kumong'onyoka nyuma ya sura nzuri ya nje. Mwenye nyumba huona ufa, huongeza saruji, na ukuta huzidi kuoza. Pwani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa msingi umesimama juu ya kifusi na taka za karne ya 19, na baadhi ya watu huongeza ghorofa ya zege juu ya kuta ambazo hazikukusudiwa mzigo huo. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na kila badiliko linahitaji kibali, lakini kibali hakimpi mwenye nyumba fedha za chokaa, wala hakimzai fundi anayejua kuichoma na kuilowesha kwa muda unaotakiwa.

Mwalimu Mgeni:

Nawashukuru sana Mzee na Dada Fundi. Jana niliwapeleka wanafunzi kutoka lango la Ngome hadi gatini, tukahesabu hatua, na yule aliyeuliza swali alisimama katikati ya njia akasema, "Basi hapa nilipo ni baharini." Sijawahi kuona darasa likinyamaza namna ile.

Bado nangoja jibu la taa. Je, ni kweli kwamba nyumba hizo zimenunuliwa na wageni? Mwenye chumba changu anasema hivyo kwa uchungu, lakini jirani yake anasema ni wenyeji wenyewe walioziuza kwa hiari yao.

Binti Shela alijibu:

Mwalimu, wote wawili wanasema kweli, na nitakueleza kutokana na yale niliyoyaona kwetu Shela, kwa kuwa yanayotokea pwani ya Lamu sasa yalianza kwetu.

Shela ni mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu kutoka mjini, ukifuata ufuo. Kuanzia miaka ya 1970 walianza kuja vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakitafuta mahali pa utulivu, na baadhi yao wakanunua magofu na nyumba kuukuu kwa bei ambayo wakati ule wenyeji waliiona kubwa. Lazima niseme kwa haki kwamba wengi wao walikarabati vizuri, kwa chokaa na boriti, na mafundi wetu walipata kazi na kuhifadhi ujuzi wao. Lakini nyumba iliyokuwa na watu 15 mwaka mzima ikawa na watu wanne kwa miezi miwili, na miezi iliyobaki humo mna mlinzi peke yake. Msikiti wa Ijumaa wa Shela ulijengwa mwaka 1829, na bado unaswaliwa kila siku, ila ukiutoka na kutembea katikati ya nyumba zilizouzunguka utasikia ukimya ambao bibi yangu hakuuzoea.

Kwa nini watu waliuza? Watu wengi hulaumu tamaa, lakini sababu kubwa niliyoiona ni mirathi. Nyumba moja hufikia warithi 12, wengine wako Mombasa, wengine Omani, na kila mmoja ana fungu lake la kisheria. Hakuna anayeweza kuikarabati peke yake, kwa kuwa atakuwa anatengeneza mali ya wenziwe. Wala hakuna anayeweza kuikodisha bila ugomvi. Paa likianza kuvuja, boriti huoza haraka, na njia pekee ya kumpa kila mtu haki yake ni kuuza. Katika ukoo wetu tuliuza kwa namna hiyo. Tulikubaliana sote, tulipokea fedha zetu, na mama yangu alilia muda wote wa kuhamisha vyombo. Kwa hiyo ukiniuliza kama tuliuza kwa hiari, sijui nikujibu nini kwa neno moja.

Pwani ya Lamu, baadhi ya nyumba zimekuwa hoteli na nyumba za wageni, ambazo taa zake huwaka msimu wa watalii na kuzimika msimu ukiisha. Nyingine zina ofisi chini na hazina mtu juu. Familia zilizotoka humo zimehamia pembezoni, Kashmiri, Wiyoni na kwingineko, katika nyumba za matofali zenye mabati, ambako joto ni kali lakini kuna nafasi na kila ndugu ana mlango wake. Usidhani kwamba wameuacha mji. Asubuhi utawaona wakirudi sokoni mbele ya Ngome, na alasiri watoto wao huletwa madrasa Mkomani au Langoni.

Jambo moja zaidi, ingawa linaweza kuonekana liko mbali na swali lako. Maji ya kunywa ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huchuja mvua na kuihifadhi juu ya maji ya chumvi. Kila nyumba kubwa yenye bustani na bwawa la kuogelea inayojengwa juu ya mchanga huo huigusa bilauri ya mtu wa Langoni. Wanaouza viwanja huko wangepaswa kulikumbuka hilo kabla ya kupiga hesabu ya faida.

Mvuvi wa Usita wa Pwani alijibu:

Nimesoma yote, na naona mmeeleza nyumba vizuri sana lakini bahari mmeiacha nyuma. Pwani ya Lamu haikuwa ya nyumba tu. Ilikuwa mahali pa kazi, na nyumba zilifuata kazi.

Nilipokuwa mtoto, majahazi ya boriti yalijipanga kuanzia gatini mpaka mwisho wa Langoni, na wachukuzi walibeba miti begani wakiimba ili hatua zao zilingane. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipopigwa marufuku mwaka 1982, kazi hiyo ilikufa mbele ya macho ya baba yangu. Tukabaki na uvuvi na utalii. Kisha, baada ya mashambulizi ya mji wa Mpeketoni, upande wa bara, mwezi Juni 2014, watalii waliacha kuja na sisi tukakatazwa kuvua usiku. Mtu asiyevua hawezi kujua maana ya katazo hilo. Kuna samaki ambao hupatikana usiku tu, na kuna familia ambazo chakula chao chote kilitoka katika saa hizo. Baadhi ya wenzangu waliuza mashua zao wakati huo, na hawakuzinunua tena.

Bandari mpya iliyojengwa upande wa bara, kwenye ghuba ya Manda, ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2012 na gati lake la kwanza likaanza kazi mwaka 2021. Uchimbaji wa kina uligusa matumbawe na mikoko ambako samaki huzaliana, na mashua zetu ndogo haziwezi kwenda bahari kuu badala yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Sisemi kwamba bandari haina faida, kwa kuwa nina mtoto anayetafuta ajira kama watoto wa wenzangu. Nasema kwamba fidia hulipwa mara moja, lakini mahali pa kuvulia palikuwa panatulipa kila siku. Mwaka 2019, baraza linalosikiliza mashauri ya mazingira lilipofuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe karibu nasi, wazee walikaa barazani pwani mpaka usiku, na nilijihisi kwamba neno letu bado lina uzito.

Kwa hiyo, Mwalimu, unapotazama taa za ghorofani, tazama pia chini, penye ukuta wa bahari. Hesabu mashua zilizofungwa pale, uwaulize wenyewe zilikuwa ngapi miaka kumi iliyopita.

Na ukitaka kuwaonyesha watoto ufuo wa zamani, usiwapeleke siku yoyote tu. Ngoja bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, uwafikishe pwani maji yanapojaa. Siku hizo bahari hupanda juu ya ukuta na kuingia barabarani, wenye maduka huinua bidhaa zao, na punda hupita wakiwa na maji miguuni. Wavue viatu, wasimame hapo, kisha wageuke waitazame Ngome.